Meno ya Vinywa Viwili

Domisiana alifungua fundo la kitenge, akaweka meno yake ya bandia juu ya meza ya Felisiani. Ya chini yalikuwa mazima. Ya juu yalikuwa vipande viwili, tena.

Felisiani alikuwa fundi wa meno mwenye kibanda nyuma ya stendi ya Ngara. "Shikamoo bibi. Umetafuna nini safari hii?"

"Marahaba. Mimi natafuna nini, mwanangu? Ni mzee wangu."

Fundi alijua kwamba mzee Bizimana alikuwa marehemu. Alivigeuza vipande kwenye mwanga. "Ndiyo maana yamepasuka katikati. Yanacheza kinywani mwake. Anakula nini?"

"Mahindi ya kuchoma. Na karanga, nikimkaangia."

Enzi za uhai wake, Bizimana aling'olewa meno yote kwenye zahanati moja, akaambiwa asubiri, ya kurudishia yangeletwa. Akasubiri akinywa uji, hata kwenye harusi, mpaka akafa. Felisiani alifungua kibanda chake baada ya mazishi. Domisiana alipopata meno yake, mumewe alianza kuja nyumbani kwao Nyakisasa jua likizama. Hujikung'uta udongo mlangoni, hukaa kwenye kigoda chake, hunyoosha mkono. Mkewe huyavua meno, huyasuuza, humpa. Walikunywa rubisi, pombe ya ndizi, kwa mrija mmoja tangu ujana wao, wangeoneana kinyaa cha nini leo?

"Nimeyaunga mara nyingi mno," alisema Felisiani. "Yakivunjika tena, hayaungiki."

Domisiana alishika tama. Bila meno mzee asingekuja, kwani nani hutoka makaburini kuja kutazama mahindi? Na jioni bila yeye zilikuwa ndefu, wacha tu.

"Nitayatia waya wa chuma ndani," fundi akasema. "Lakini nahitaji na yeye ang'ate nta."

Basi bibi akapanda bodaboda na kipande cha nta mfukoni. Jioni aliilainisha kwenye maji ya moto, Bizimana akaing'ata. Kinywa chake kilikuwa baridi, nta ikaganda papo hapo.

Felisiani aliisoma ile nta, akaona taya la marehemu limehamia kushoto kidogo. Akapiga tupa, akachimba mfereji, akalaza waya, akafunika kwa plastiki ya rangi ya ufizi na kuchemsha. "Yatawatosha wawili," alisema. "Yaosheni juu ya beseni lenye maji. Yakiponyoka, yaangukie majini."

Jioni ile Bizimana alikula mahindi mpaka magunzi yakajaa miguuni pake. Meno hayakulia hata kidogo. Kisha akajifuta mdomo.

"Nimeshiba, Mama Kwizera."

Neno hilo hakuwahi kulisema tangu ang'olewe. Domisiana alifurahi, na papo hapo roho ikamuuma, maana mgeni akishashiba huaga.

"Basi hutakuja tena," alisema.

Bizimana aliyaosha meno mwenyewe, taratibu, juu ya beseni. Akamrudishia, akaondoka.

Kesho yake bibi alichoma mahindi hivyo hivyo, ya mtu mmoja. Jua lilipozama, Bizimana alijikung'uta mlangoni. Nyuma yake alikuwepo Methusela, Msukuma wa Kaniha ambaye walikaa naye benchi moja wakisubiri kung'olewa. Nyuma ya Methusela walikuwepo marehemu wengine, wanaume kwa wanawake, wameziba midomo kwa viganja.

"Nimewaambia yana waya," alisema Bizimana.

"Na wewe? Si ulishiba?"

"Mimi nimekuja kukaa na wewe."

Domisiana aliwakaribisha, akayavua meno, akayasuuza na kumpa Methusela. Kisha akaongeza mahindi motoni. Bizimana alivuta kigoda karibu na mkewe, na wakakaa hivyo wawili, vibogoyo, wakiwatazama wageni wakila kwa zamu.

Ijumaa ilipofika, bibi alikwenda kutafuta beseni kubwa zaidi. Alipita mbele ya ile zahanati. Walikuwa waking'oa kama kawaida, na waliotoka na pamba midomoni waliambiwa wasubiri, ya kurudishia yangeletwa. Domisiana alisimama kando ya mlango na beseni lake kichwani. Alimwamkia kila mmoja na kumtazama usoni vizuri, ili amtambue atakapokuja kwake jua likizama.