Kinyaa cha Mzee Mwidani

Boti ya matembezi ilikuwa haijaacha hata gati, na tayari vidole vya Rashad vilikuwa na rangi ya chungwa kwa unga wa krisps. Mtoto huyo wa miaka mitatu alivitia kinywani, akavinyonya kimoja kimoja, kisha akavipangusa kwenye kanzu nyeupe ya babu yake.

Mzee Mwidani alitabasamu. Moyoni alikuwa anatapika.

Ilimbidi atabasamu. Mwanawe Ahmad na mkewe Jalila walikuwa wamepata kazi Doha, na mtoto angebaki nyuma mwaka mzima. Angebaki kwa Mzee Mwidani na mkewe, Bi Dhahabu, huku Likoni, au kwa mamake Jalila kule Nyali? Kauli ilikuwa ya Jalila, naye alishikilia kuwa mtoto huyu ni mgumu kula. Basi Ahmad akalipia safari hii ya familia, mkewe apate kuona wazee watamlisha vipi.

Kwa Jalila, kulisha maana yake ilikuwa kufungua pakiti. Mtoto akifumbua kinywa, hutiwa kitu: biskuti za malai, yogati, soseji baridi. Soseji hiyo Rashad aliimung'unya ikawa nyeupe kama kidole kilicholowa, akairudisha kwenye mfuko wa vitafunio. Ilipotoka tena ilikuwa na chembe za biskuti na unywele mmoja. Jalila aliutoa unywele, akampa mtoto.

"Baba, nawe onja biskuti," akamkaribisha.

"Ahsante mwanangu, nimefunga."

"Umefunga lini?" Bi Dhahabu akadakia. "Na yale mahamri ya asubuhi kala nani, paka?"

Feri kubwa ilipita karibu, mawimbi yake yakaipiga boti ubavuni. Rashad, aliyekuwa amepakatwa na babu yake, akapiga kwikwi moja. Kisha yogati, soseji na biskuti vikarudi vyote kwa mkupuo kwenye mapaja ya mzee. Joto lake lilipenya kanzu, likapenya kikoi, likafika kwenye ngozi. Kitu kizito kilishuka mguuni taratibu, kikaingia ndani ya kiatu. Mfuko wa vitafunio uliokuwa chini nao ukapata fungu lake. Ahmad aliubeba kwa ncha za vidole, akautupa wote pipani.

Tumbo la mtoto lilipotulia, njaa ikaamka. Akapiga mayowe.

Bi Dhahabu akafunua bakuli lake la muhogo na changu wa kukaanga. Alimega samaki, akamtia kinywani mwake mwenyewe, akatafuta miiba kwa ulimi, akaitema. Akaongeza muhogo, akatafuna mpaka ukalainika. Kisha akachomoa kijitonge kinachong'aa kwa mate, akamlisha Rashad. Mtoto akameza, akafumbua kinywa kama kifaranga.

"Mama!" Jalila alipiga ukelele. "Mate hayo!"

"Mate ya bibiye. Yana sumu?"

Mzee Mwidani alijivuta nyuma. Alipokuwa akisoma ngumbaru, mwalimu aliwaeleza habari za vijidudu vya kinywani, naye akarudi nyumbani na kupiga marufuku desturi hiyo.

"Dhahabu, si nilikataza haya?"

"Ulikataza, nikaitika abee. Ukienda zamu namtafunia. Huyu Ahmad wako wallahi nimemtafunia mpaka akaota magego!"

Mzee alimtazama mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, na kinyaa kikamshika upya.

"Hutatafuna tena," akasema. "Sukutua kinywa."

Bi Dhahabu akasukutua, akatema majini, akamsukumia bakuli. "Haya, bwana usafi. Mlishe."

"Baba akimlisha akala, nitamwacha Likoni," akasema Jalila. "Asipokula, ni Nyali." Akachukua nguo zilizochafuka, akashuka na Ahmad sitaha ya chini kuzifua.

Mzee Mwidani alinawa kwa sabuni. Alichambua miiba, akaponda muhogo kwa kijiko. Rashad akageuza uso. Akamwekea tonge mdomoni, likatemwa, likanasa kwenye ndevu za mzee.

"Tafuna, babu," mtoto akasema, akimwonyesha kinywa.

"Babu hatafuni. Wewe kula."

Mayowe yakaanza upya. Yangefika mpaka chini.

"Nasikia Nyali kuna bembea," Bi Dhahabu akasema, akiwa ametazama zake baharini.

Mzee aliangalia ngazi. Hapakuwa na mtu. Akatia samaki na muhogo kinywani, akatafuna, akijiambia kuwa anakula tu. Lakini ulipofika wakati wa kumeza, asimeze, chakula kile kikageuka uji wa vuguvugu usiokuwa wake wala wa mtoto. Koo likakitaka, tumbo likakikataa. Akakichomoa kwa vidole. Uzi wa mate ukakifuata, ukaning'inia. Akafumba macho. Akahisi midomo midogo ikipokea, na ulimi ukimlamba kidole mpaka kwenye kucha.

"Tena," Rashad akasema.

Sauti ya Jalila ikapanda kutoka chini: "Anakula, Baba?"

Mzee Mwidani aliipa ngazi mgongo, machozi ya kichefuchefu yakimlenga.

"Anakula, mwanangu," akajibu, kinywa kimejaa.