Mkanda wa Kuzuia Umande

“Unasikia joto?”

“Bado,” mke wake alijibu.

Bwana Nyota alisonya. Si kwa mke wake, la. Alikisonya kile kisanduku cha bati kilichokaa juu ya meza ya kupigia pasi kama mgeni asiyejua kwamba chakula kimekwisha. Alikiunda kwa mikono yake mwenyewe, kwa vipande vya redio iliyokufa, swichi ya kuzungusha na taa ndogo nyekundu. Waya mmoja ulikwenda kwenye betri. Mwingine ulikwenda kwenye mkanda mweusi, mwembamba, ambao mke wake alikuwa ameukunja na kuufumbata mkononi.

Jina hilo la Bwana Nyota alibandikwa na wanafunzi. Kazi yake ilikuwa kutunza maabara ya shule: kuosha chupa, kufunga makabati, na kuifuta darubini, ambayo aliipenda kama yake. Mwezi uliopita wazazi waliitwa uwanjani usiku waje kuitazama sayari ya Zohali na pete zake. Umande ukashuka, kioo cha darubini kikafunga ukungu kama jicho lenye mtoto wa jicho, na watu hawakuona kitu. Mzee mmoja alimuuliza kama hiyo Zohali wameichovya kwenye maziwa. Watu walicheka mpaka getini, naye alilala na kicheko chao masikioni.

Ndipo akaamua kutengeneza mkanda wa kuivisha darubini shingoni, ukipashe kioo joto kidogo tu, umande usipate pa kukaa. Kidogo tu, hapo ndipo penye kazi. Joto likipungua, umande unashinda. Likizidi, nyota zinacheza machoni na kioo chenyewe kinaharibika. Leo wazazi walikuwa wanarudi, na kabla ya kuadhirika tena mbele ya kadamnasi aliona heri ajaribu nyumbani, mchana kweupe, mlango umefungwa.

Kipimajoto cha maabara alikuwa nacho mfukoni. Hakukitoa. Cha nini, na yeye ameoa dobi? Mtaa mzima ulivijua vizuri vidole vya mwanamke huyu. Aligusa pasi kwa ncha ya kidole kilicholowa, mara moja tu, akakuambia hii ni ya hariri, hii ya kitani, hii iache ipoe kwanza. Watu waliwapita madobi wengine njiani wakamletea yeye suti za harusi.

“Fumbata vizuri basi, mama. Usiushike kama unampa mkono wifi yako.”

“Nimefumbata, baba. Mtambo wako umelala, uamshe.”

Alizungusha swichi hadi katikati. Taa ilikuwa inawaka. Akakaza skrubu za betri, akasubiri.

“Sasa je?”

“Wapi! Zohali itatusubiri sana mwaka huu.”

Alizungusha mpaka mwisho. Kijasho kilimtoka. Alifungua kifuniko, akafuata waya mmoja baada ya mwingine kwa bisibisi, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi, maana kosa unaloliona unaweza kulirekebisha. Mke wake aliendelea kufumbata, mvumilivu, akimsimulia habari za shuka zilizogoma kukauka.

Harufu ikamfikia. Katika nyumba ya dobi harufu ya kuungua haimshtui mtu, kwa hiyo alitazama pasi kwanza. Pasi haikuwa kwenye umeme.

“Hebu nipe.”

Aliuvuta mkanda kutoka kiganjani mwake, na papo hapo akautupa, akaruka, akapiga ukelele.

Mke wake alicheka. “Mtu mzima unafanya michezo!”

Bwana Nyota aliushika mkono wake, akaugeuza. Ngozi ya kiganja ilikuwa imenyanyuka, nyeupe, na mikunjo yote ya mkanda imejichora hapo, mpaka kwenye vidole. Kicheko cha mke wake kilikatika, akainama kutazama naye, kwa muda mrefu, kama anayeonyeshwa kitu dukani.

“Huu mkono wa nani?” aliuliza.

Bwana Nyota alichomoa waya kwenye betri, akaukokota mkono ule hadi kwenye karai la maji ya kusuuzia, akauzamisha.

“Tangu lini?” alimuuliza.

“Sijui. Ganzi ilikuwepo. Nikasema ni sabuni, dobi gani hana ganzi?” Akauzungusha mkono majini. “Lile shati la mwalimu mkuu lililoungua, nilikuambia umeme ulizidi. Sikukudanganya, baba watoto. Pasi niliigusa. Nikaiona imepoa.”

Wote wawili wakaitazama pasi.

“Kwa hiyo nimekuwa nakisia,” alisema taratibu. “Watu wananiletea nguo zao, na mimi nakisia.”

Bwana Nyota aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu azaliwe. Alitafuta kitambaa safi, na katika nyumba iliyojaa vitambaa safi hakukiona hata kimoja mpaka mke wake alipomwonyesha kwa kidevu. Aliufunga mkono ovyo ovyo.

“Vaa viatu. Tunakwenda hospitali.”

“Na wazazi? Na darubini yako?”

“Wacha umande ushuke.”

Mke wake aliinuka kuvaa viatu, halafu akakaa tena. “Ngoja kwanza. Nipime huu mwingine.”

“Watapima wao huko.”

“Nipime wewe.”

Aliunyosha mkono wa kushoto juu ya meza, akafumba macho kwa nguvu. Bwana Nyota alipiga magoti mbele yake. Aligusa kidole gumba.

“Hapo,” alisema mke wake.

Akagusa cha shahada. Kimya. Akakibana kwa ukucha. Akagusa cha kati, akakibonyeza hadi kikabadilika rangi.

“Mbona huendelei?” aliuliza mke wake.

Machozi yalimjaa Bwana Nyota. Aliuachia mkono ule mezani, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili asije akasikika.

“Hapo!” alisema mke wake kwa furaha, macho bado ameyafumba. “Hapo nimesikia kabisa.”