Kiwiko Kiko Voi

Usiku wa kuamkia leo niliota serikali imetuma mkono wake mrefu nyumbani kwetu.

Nilikuwa jikoni nakaanga mahamri. Ndotoni ilikuwa saa nne asubuhi na jua limewaka vizuri, kwa hiyo sikushtuka niliposikia hodi. Nikasema karibu, ukaingia mkono. Mkono peke yake, hauna mtu: vidole vitano, saa ya fedha, na shati jeupe lililofungwa kifungo. Kwa nyuma ulipita mlangoni, ukavuka uwanja wa kuku, ukafuata barabara ya Mazeras mpaka macho yangu yakashindwa.

"Umetoka mbali," nikauambia.

"Mji mkuu," ukajibu. Ulikuwa ukisema kwa kufungua na kufunga kidole gumba, kama mdomo wa bata. "Kiwiko nimekiacha Voi. Bega halijawahi kutoka ofisini."

Mimi si mtu wa kupenda wageni wa ghafla, anayenijua ataniambia kama nasema uongo. Lakini mgeni ni mgeni. Nikausogezea kigoda.

Sasa hapa nieleze kidogo. Mke wangu Mbeyu ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtaa wetu. Kuna watu wanataka kutubomolea nyumba zote wajenge maghala, na Mbeyu amesema hawajengi. Kesho yake alikuwa aongoze mtaa mzima kwenda mjini kulisema hilo hadharani. Katibu wake ni jirani yetu Thoya, mwanamume asiye na mke, mwenye sauti nzito ambayo hata mbuzi huigeukia. Hapo ndipo paliponiuma. Wakikaa kikao, mimi huwapelekea chai kabla hawajaiomba, nipate kuona wamekaaje.

Mkono ulikuwa unalijua hilo. Ukaniambia wamekuwa wakisikiliza nyumba yangu tangu masika, kazi ya kuchosha, na kwamba huko ofisini wote wananionea huruma. Kisha ukatoa kanda, ukaivisha kidole cha mwisho, ukaanza kuizungusha polepole. Ikatoka sauti ya Mbeyu, ile ile ninayoijua.

"Thoya mpenzi. Wewe ndiwe moyo wangu. Huyu mzee wa mahamri amenichosha."

Mafuta karaini yakaacha kuchemka, nadhani kwa kuniheshimu.

"Hatutaki makubwa, Baba Sidi," Mkono unasema, na unaniwekea kufuli kiganjani. "Kesho alfajiri umfungie mlango kwa nje. Asipoonekana mbele, wale wa nyuma watatawanyika wenyewe. Wewe utabaki na mkeo, na Thoya abaki na sauti yake."

Nikafumba kiganja. Kufuli likatulia humo, baridi.

Lakini kwetu hupatani na mgeni ambaye hujamnawisha. Nikachukua birika na beseni nikaanza kwenye kucha. Vumbi lilikuwa limepanda mpaka juu ya kifundo, nami nikalifuata. Nasugua, natembea. Nasugua Mariakani, nasugua Samburu, ambako dada mmoja ameanika leso zake juu ya mkono wa serikali na ananiomba nisizilowanishe. Kutahamaki, niko Voi.

Kiwiko kimekaa kwenye benchi la stesheni, kimeshonwa kiraka. Nikakiuliza kama kinajua mkono wake unafanya nini jikoni kwangu. Kikasema hakijui na hakijawahi kuulizwa, kwamba kazi yake ni kupinda kikiambiwa kipinde, na malipo ya uzeeni yamekaribia. Kinachokikera ni kelele tu.

"Kelele gani?"

"Hizo," kikasema, kikaelekeza ncha yake kwenye ua wa miiba.

Miibani kulikuwa kumenasa vipande vya kanda, vyeusi, vimekatwa kwa mkasi. Upepo ukivipiga vinasema. "Umekula?" kinasema kimoja, kwa sauti ya Mbeyu. "Thoya, umekula? Basi ngoja, Baba Sidi analeta mahamri, hakuna wa kumfikia." "Na wewe mama, umekula?" "Nyinyi huko nyuma, nyote mmekula?" Ua mzima ni hivyo hivyo, kutoka stesheni hadi unapoishia.

Kiwiko kikanieleza kwamba wakataji wa huko juu waliona maneno hayo hayana maana, wakawa wanayatupa. Watu wa Voi hawapati usingizi.

Nikasimama na birika langu. Mbeyu hajaniita mpenzi hata siku moja tangu tuoane. Siku aliyonikubali aliniuliza kama nimekula. Siku tuliyomzika mama yangu, watu walipokuwa wakinipa pole barazani, yeye alinijia nyuma ya nyumba na sahani, akasimama hapo mpaka nikaimaliza. Akimpenda mtu humuuliza hivyo. Asipompenda humwacha na njaa yake. Basi hilo mpenzi wamelitoa wapi? Kiwiko kikasema waliliazima kwenye mchezo wa redio.

Nikacheka, maji yakamwagika. Halafu nikaona haya. Halafu nikamtaka mke wangu, pale pale stesheni, hata nikazungumza peke yangu.

Niko jikoni tena. Sikurudi, niko tu. Mbeyu amesimama mbele ya Mkono, leso begani, anautazama toka kucha hadi mlangoni.

"Umekula?" anauliza.

Mkono ukasema katika utumishi wake wote hakuna mtu aliyewahi kuuuliza swali hilo. Niliona wivu hata hapo, nisiseme uongo.

Akaupakulia mbaazi za nazi. Mimi nikalitumbukiza kufuli karaini mbele ya macho yao. Likafura vizuri, likawa jekundu pande zote, nikaliopoa nikaliweka sahanini na wenziwe. Mkono ulilitambua, ukalichukua. Sijui ulikula kwa mdomo gani, ila sahani ilibaki tupu.

"Mama, chakula kitamu," ukasema mwishowe. "Tatizo ni kwamba mkono mtupu haulambwi. Nikirudi bila kitu, bega litaniuliza."

Ukamkamata Mbeyu kifundo cha mkono.

Nikaudaka mkono wa pili wa Mbeyu. Navuta, nao Mkono unavuta, na miguu yangu inateleza kwenye sakafu. Mbeyu hapigi kelele. Tumeshafika kizingitini, na nguvu za mpika mahamri nazijua zinapoishia. Upande wa pili wa ua kuna mtu mmoja tu, amesimama na fulana yake, na jina lake silipendi kulitamka.

"Thoya!" nikaita. "Njoo unishike!"

Akaja mbio, akanikumbatia kiuno. Mwili wake ulikuwa wa moto na mikono imara, na nikasikia ile sauti sikioni.

"Vuta, kaka. Niko nyuma yako."

Nyuma yake wakaja wa nyumba ya pili, nyuma yao wa nyumba ya tatu, kila mmoja kashika kiuno cha mwenzake, mpaka msururu ukapita kisima. Mkono ukanyooka, ukanyooka, na huko Voi nikasikia kiwiko kikilia ko!

"Naomba ruhusa," Mkono ukasema, kwa adabu kabisa. "Nitakuja siku nyingine."

"Uje na njaa," Mbeyu akaujibu.

Ukaachia. Mtaa mzima tukaanguka chali.

Nikaamka niko chini sakafuni, shuka limenifunga miguu. Kumekucha. Mbeyu ameketi kitandani anakitazama kifundo cha mkono wake.

"Uliota nini wewe," akaniuliza, "hata ukanishika namna hii?"

Kulikuwa na alama za vidole, nyekundu. Nikaweka mkono wangu juu yake tupime. Vidole vyangu ni vifupi, havikukutana hata upande wa pili. Zile alama zilikizunguka kifundo mara mbili.

Tukatazamana. Yeye akashusha mkono wa gauni lake, mimi nikatafuta viatu. Nje Thoya alikuwa anapiga hodi, anasema watu wamejaa barabarani wanamngoja mwenyekiti. Sijawahi kwenda kwenye maandamano yoyote maishani mwangu. Tulipotoka nilimshika Mbeyu upande wa kushoto, nikamwita katibu.

"Thoya," nikamwambia, "wewe mshike huo mkono wa pili. Na usiuachie."