Dirisha la Mama

Mimi sijengi nyumba ambayo wenyewe hawajaitembea. Wasanifu wenzangu hunicheka, wacha wacheke. Kabla msingi haujachimbwa namwaga chokaa kiwanjani, kila ukuta mahali pake, ghorofa ya juu naichora kando, kisha naiambia familia nzima: haya, ingieni, ishini humo saa moja.

Villa ya safari hii ilinikosesha raha kwa sababu ya dirisha moja. Mwenye nyumba, daktari wa meno, alikuwa anamleta mama yake, aliyeishi peke yake mbali, na kwa miaka mitatu alikuwa anaota kumpa chumba cha juu: kioo kutoka sakafuni hadi darini, bonde lote mbele yake. Nikamwambia ngazi na uzee haviivi chungu kimoja.

"Mama ana miguu imara kukushinda wewe," akanijibu. Na kweli, anayehema ni mimi. Basi nikalihangaikia lile dirisha wiki tatu, na nakiri, nikalipenda.

Siku ya chokaa, mke wa daktari alijifanya anakaanga vitunguu jikoni, watoto wakagombania bafu ambalo halipo. Mama yake daktari akatoka sebuleni, mgongo wima, akapita katikati ya ukuta.

"Bibi kapita ukutani!" Wajukuu hoi kwa kicheko. Naye akacheka, akapita na wa pili. Hasira zikanipanda. Chokaa nyeupe pee juu ya udongo mwekundu, mtu haioni vipi? Nikamshika mkono, nikampeleka mwenyewe hadi chumbani kwake.

"Dirisha lako hili, mama," daktari akasema, meno yote nje. "Unaonaje?"

"Pazuri sana, mwanangu."

Alikuwa ameelekea magari yetu. Bonde lilikuwa mgongoni kwake.

Hakuna aliyecheka tena. Niliionea aibu hasira yangu. Daktari alimgeuza taratibu, akapitisha kiganja mbele ya uso wake. Mama hakupepesa macho.

"Tangu lini, mama?"

"Lilianza jicho la kulia, mwaka juzi."

"Na hukuniambia?"

Mama akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akalipata shavu la mwanawe.

"Kila ukinipigia simu ulikuwa unanisimulia dirisha. Furaha yote ile, ningeikatiza vipi?"