Chandarua ya Divine ku kilio

Divine alishuka ku pikipiki pa Lweba na tumbo ya myezi saba na sakoshi mu mukono. Mule mulikuwa chandarua, ile bamama ba mimba banapewaka ku santé, kituo ya afya, kule Baraka. Bwana yake, Élie, alitakaka kuizungushia bifaranga, kipanga isibikamate. Divine akamukatalia. "Hii haiko ya kuku." Akaifungia mu sanduku mpaka siku baba mukwe wake, Muzee Alphonse, alikufa.

Sasa, kwetu kilio ni ya inje. Siku tatu muntu halale mu nyumba. Munatandika mikeka mu kiwanja, bamama huku, babaume kule ku moto, na mvua ikinyesha munajikunja chini ya shitingi, ile turubai, basi. Ni desturi muzuri, hapana mubaya: wafiwa habaachwe peke yabo. Lakini mbu nayo inajua ile desturi kupita sisi.

Jua ilikuwa haijazama, Divine akafunga kamba ku miti mbili za shitingi, akaangusha chandarua yake juu ya mukeka. Bamama bakageuka kuangalia.

Shangazi Immaculée, dada ya marehemu, ndiye alikuwa mukubwa wa bamama pale. Akakuja polepole, mikono ku kiuno.

"We mukamwana. Hii ni nini?"

"Ni chandarua, shangazi."

"Naona ni chandarua, siko kipofu. Nauliza ulikuja kulia ao ulikuja kuolewa? Kitambaa yote hii nyeupe, tungoje bwana arusi?"

Bamama bakacheka, kisha bakakumbuka kama ni kilio.

"Nilikuja kulia, shangazi."

"Basi lia sawa benzako. Sisi wote tulilala hapa inje, mbu ikatuuma, na tuko. Ao unasema kwa kaka yangu kuko buchafu?"

Akafungua kamba mwenyewe. Chandarua ikaanguka.

Divine akaiokota, akaikung'uta mavumbi, akafunga tena. Fundo akalikaza.

Élie akatoka upande wa babaume, akaongea chinichini: "Divine, acha tu. Siku tatu zinapita mbio. Usinipatishe haya mbele ya jamaa."

"Ku kilio ya koko yako, mama ya Muzee, uliniambia vilevile, siku tatu. Nikalala hapahapa na mimba, na kitenge tu. Nikarudia Baraka na malaria. Mutoto wetu akazaliwa bila kulia, Élie. Ni we ulibeba kale kasanduku, haiko shangazi."

Élie akaangalia chini. Hakuondoka. Hakusaidia pia.

Shangazi alisikia yote. Uso ukalegea kidogo, lakini muntu mukubwa, mbele ya bamama makumi mbili, ataanzia wapi kurudi nyuma? Akasema: "Basi chukua kitu yako, panda pikipiki, rudia Baraka. Muntu mu wavu ni samaki. Samaki haina kilio hapa."

"Siendi," Divine akajibu. "Muzee Alphonse alikuwa ananiita mama yake. Nitamulia siku zote tatu. Unataka kufungua, fungua. Ukifungua mara kumi, mi nitafunga kumi na moja."

Akainama na lile tumbo, akaingia, akachomeka pembe zote chini ya mukeka. Na mulemule ndani akaanza wimbo wa kilio, ule wa kuita marehemu majina yake yote. Ule wimbo, mukamwana akiuanza, lazima bamama baitikie. Kuuacha hewani ni kumutukana ule iko mu kaburi. Na muntu wa kulinda ile sheria pale alikuwa nani? Ni shangazi mwenyewe.

Divine akafika ku jina ya pili, peke yake. Bamama banamuangalia shangazi. Mbu za kwanza zikaanza kupita ku masikio.

Shangazi Immaculée akakaa ku mukeka, inje ya chandarua, akajipiga kofi ku shingo, akaitikia. Bamama wote bakamufuata.

Kati ya jina na jina akageuza kichwa.

"Imba na nguvu," akasema. "Mule ndani sauti yako haifike."