Jiwe la Kuzuia Nyumba

Usiku wa jana niliota nyumba yangu imeota magurudumu, na mimi niko ndani nachambua mchicha.

Sikushtuka. Nilisema tu moyoni, kumbe ndiyo maana sakafu inatikisika. Nikaweka ungo chini, nikachungulia dirishani, nikaona nguzo ya umeme inanipita. Ikafuata nyingine. Barabara kuu ya kwenda Same ilikuwa inaingilia chini ya kitanda changu na kutokea jikoni.

Ngoja nieleze kwanza ya mchana, ndipo ndoto ieleweke. Mimi naishi peke yangu kando ya barabara hiyo, katika uwanja mpana ambao marehemu mume wangu, Zefania, alikuwa akilaza lori lake. Jana, jua likiwa bado kali, liliingia gari lililobeba nyumba mgongoni kama konokono. Kitanda humo humo, jiko humo humo, na pazia la maua. Wakashuka Wazungu wawili, mtu na mkewe, wote wana mvi. Mke alikuwa na Kiswahili cha kitabuni.

"Mama, tunatafuta mahali pa kulala na gari. Bure, au kwa pesa kidogo."

Nikamwambia, "Uwanja huu hapa. Karibuni."

Akafurahi, akafungua simu yake. Ndani ya simu mlikuwa na ramani, na juu ya ramani vihema vidogo vya kijani, kila panapolalika. Kimoja kilikuwa kituo cha mafuta. Kimoja uwanja wa shule ya msingi. Akatafuta, akatafuta, akaipanua ramani kwa vidole kama anayekanda unga.

"Hapa hapapo, mama," akasema, na ilimsikitisha kweli.

"Mbona mimi nipo," nikamjibu.

Mumewe akaonyesha upande wa kituo cha mafuta. Wakanipungia mkono, wakaenda zao.

Jioni akapiga simu binti yangu Namkunda, ambaye anafanya kazi mjini. Maneno yalikuwa yale yale. "Mama, hapo hapana mtu. Njoo ukae kwangu, kuna chumba cha uani." Nikamwambia nitafikiri. Nikala, nikafunga mlango, nikalala.

Basi, niko ndani ya nyumba inayokwenda, na hakuna anayeiendesha. Jua limekaa juu ya mlima, limekunja miguu, linanitazama.

"Mama Namkunda," ikaita sauti kutoka mlangoni, "unajua tunakokwenda?"

Lilikuwa jiwe langu la kuzuia mlango. Jiwe hilo zamani lilikuwa la lori. Zefania akisimama mlimani, analiweka nyuma ya tairi gari lisirudi. Madereva wengine wakishalitumia huliacha jiwe pale pale katikati ya lami, liwaue wenzao. Zefania alikuwa akishuka, akilipangusa vumbi, akilirudisha garini kama anayempakia mtoto. Alipofariki na lori likauzwa, jiwe nilibaki nalo mimi.

"Sijui," nikaliambia. "Tunakwenda wapi?"

"Kutafuta pa kulala. Nyumba isiyo kwenye ramani haina kwake."

"Nani kasema?"

"Ndiyo kanuni. Jua likizama hujapata, unakokotwa mjini."

Nikachungulia nyuma. Kweli, linatufuata winchi, lile gari la kukokota magari mabovu, ndoana yake inaning'inia. Halina dereva. Linakwenda polepole, kwa adabu, halipigi hata honi.

"Mama," likaita, na sauti ilikuwa ya Namkunda. "Usijichoshe. Simama tu nikufunge mnyororo."

"Nitafikiri," nikasema.

Jua likajinyoosha kule mlimani. "Bibi, fikiri upesi. Miguu imekufa ganzi."

Nyumba ikaingia kituo cha mafuta, ikasimama penye pampu ya dizeli. Pampu ilikuwa imevaa sweta. Nikaisalimu, nikaiuliza kama naweza kulala.

"Kulala ni bure," ikasema, "ila ujaze."

"Nijaze nini?"

"Nyumba."

Ikachomoa mpira wake, ikauingiza kwenye tundu la ufunguo, ikasikiliza. Saa yangu ya ukutani haikuwa saa tena, ilikuwa na mshale mmoja tu kama kipimo cha mafuta, na mshale ulikuwa umelala chini kabisa.

"Mnaishi wangapi humu?"

"Mmoja."

"Vikombe?"

"Vikombe vipo vingi."

"Viti?"

"Na viti vipo. Kimoja ndicho kinachokaliwa."

Pampu ikachomoa mpira, ikaupangusa kwenye sweta. "Bibi, hii ni tupu. Nikikuruhusu wewe, kesho watakuja wote wa namna yako, nami sina nafasi ya upweke wa barabara nzima."

"Basi niuzie watu kidogo."

"Watu hatuuzi. Tuna dizeli na biskuti."

Pembeni lilikuwa limelala lile gari la konokono la mchana. Likafumbua taa moja. "Wewe si ndiye uliyesema upo?"

"Ndiye mimi."

"Tulikutafuta sana," likasema, likafumba taa.

Nikasikia mtu anacheka dukani, nikageuka kumwangalia, na nilipogeuka tena hapakuwa na kituo. Nyumba iko katikati ya uwanja wa mpira wa shule. Mistari ya chokaa imechorwa upya, inang'aa. Nikalishusha jiwe, ambalo sijui nililibeba saa ngapi, nikaliweka juu ya mstari, maana mikono ilikuwa imechoka. Mtini inaning'inia kengele ya shule, ile rimu ya gari inayogongwa kwa chuma.

"Hapa tunalaza wasafiri," ikasema kengele kabla sijaiuliza. "Kanuni ni kufika umechelewa na kuondoka mapema. Jina lako?"

Nikalitaja.

Rimu ikazunguka, ikanitazama kwa tundu la katikati. "We mtoto. Si ndiye uliyeondoka darasa la tatu?"

"Nilitolewa nikalee wadogo zangu."

"Sikukuuliza sababu. Kuondoka mapema umeshatimiza. Na leo umefika umechelewa sana. Hongera, hakuna msafiri aliyewahi kutimiza vizuri hivi." Ikanguruma kidogo, nadhani ilikuwa inafurahi. "Lala. Ila usiache alama."

Hilo nililielewa. Mgeni mwema huacha mahali kama alivyopakuta. Nikachukua ufagio wa chelewa, nikafagia mikwaruzo ya magurudumu.

"Na nyayo," ikasema kengele.

Nikafagia nyayo.

"Na kivuli."

Nikakikunja kivuli changu kama kanga, upindo kwa upindo, nikakitia kapuni.

"Na sauti. Umesema maneno mengi tangu ufike."

Nikayaokota maneno yangu majanini, yalikuwa baridi kidogo, nikayatia kwenye jagi nikalifunika kwa kawa. Sasa nilikuwa sisikiki, wala chini sina nyayo wala kivuli. Nilijisikia mwepesi, kama gunia lililokung'utwa.

"Imebaki moja," ikasema kengele. "Kuna mtu anayekukumbuka?"

Nikanyanyua kawa, nikatoa neno moja. "Binti."

"Hiyo nayo ni alama. Ifute." Ikadondosha kifutio cha ubao, kikaanguka mbele yangu na vumbi lake. "Ukiifuta utalala hapa miaka. Hutakokotwa, kwa sababu hatakuwapo wa kukujia."

Winchi lilikuwa limesimama getini, limewasha taa moja, linasubiri. Nilikishika kile kifutio. Sitasema sikukishika. Kilikuwa chepesi, na nilikuwa na usingizi, na jua kule mlimani lilikuwa limeshateremsha mguu mmoja.

Nikakirudisha mtini.

Nikalifunua jagi, maneno yangu yote yakatoka kwa pamoja, yakatawanyika uwanjani kama vifaranga. "Afadhali nikokotwe," yakasema.

Nikaliokota jiwe, nikaingia ndani, nyumba ikaondoka.

Sasa tunakwenda na hakuna kitu pembeni. Hakuna nguzo, hakuna mlima, ila jua limo, linachungulia kwa jicho moja. Simu ya yule mama wa Kizungu iko mkononi mwangu, sijui ilifikaje. Nafungua ramani. Vihema vya kijani vinazimika kimoja kimoja, kama watu wanaozima taa wakilala. Kikazimika cha mwisho.

Nyumba ikapunguza mwendo.

Tukafika kwenye uwanja mpana. Kuna kamba ya nguo imefungwa mti kwa mti. Kuna mafiga matatu na majivu. Katikati kuna mraba wa ardhi laini, isiyo na jani, mahali ambapo pamekuwa na nyumba muda mrefu.

"Napajua hapa," nikasema.

"Unapajua," likasema jiwe. "Lakini piga hodi."

"Nipige hodi kwangu?"

"Umekuja na nyumba. Wewe ni mgeni."

Nikasimama kizingitini, nikapiga hodi. Kimya. Kamba ya nguo ikatikisika tu.

Nikapiga ya pili. Kimya.

"Nitashuka, nizunguke kule, nijiitikie," nikaliambia jiwe.

"Mtu hajikaribishi."

Hiyo nilikuwa naijua tangu utotoni, wala si ya ndoto. Na nilijua pia kwamba hodi ya tatu isipoitikiwa, unageuka, unakwenda zako, na wala huna haki ya kununa. Nyuma yangu ninasikia mnyororo wa winchi unateremshwa, taratibu, pete kwa pete. Jua limebaki ukucha.

Nikaingoja pumzi itulie. Nikapiga hodi ya tatu.

Kimya kikawa kirefu. Nikakumbuka miaka yote ambayo nimekaa ndani ya nyumba hii nikitega sikio nisikie neno hilo kutoka nje, na sasa niko nje nikitega sikio nisikie lile la ndani.

"Karibu," likasema jiwe.

Nikalitazama. Nilikuwa nimelipakata kifuani.

"Wewe?"

"Mimi ndiye mwenyeji. Zefania alinikuta hapa, shinani mwa mgunga, siku aliyokuja na lori mara ya kwanza. Nyote mmenikuta. Nimelala hapa bure kabla hamjazaliwa, na hakuna aliyenionyesha kwenye ramani. Karibu, Mama Namkunda. Niweke chini, unanibana."

Nikashuka. Nikaliweka nyuma ya gurudumu, upande wa mteremko, nikalisukuma kwa kisigino kama nilivyomwona Zefania akifanya. Nyumba ikarudi nyuma kidogo, ikaliegemea, ikashusha pumzi.

Winchi likaingia uwanjani. "Mama, mbona umesimama?"

"Nimekaribishwa."

Ndoana inaning'inia, inayumba, inapiga bamba lake, ti, ti, ti.

"Na mimi je?" likauliza. "Nimekufuata tangu mchana. Mimi nilale wapi?"

"Si una kwako mjini?"

"Kule nalala tu, mama. Sikaribishwi."

Hapo nikaligeukia, nikalitazama vizuri. Muda wote nilidhani linanifuata kunichukua. Kumbe nalo halikuwa na kihema.

"Piga hodi," nikaliambia.

Likanyanyua ndoana, likagonga ukuta wangu kidogo sana, lisibandue plasta. "Hodi."

"Karibu, mwanangu. Pita."

Likazima injini. Jua likasema, "Haya, usiku mwema," likaingia nyuma ya mlima kama aliyesukumwa.

Nikaamka. Mlango ulikuwa unapigapiga kwa upepo wa asubuhi. Jiwe halikuwapo mahali pake.

Nikadhani limeviringika chini ya kabati. Halikuwapo. Nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikalikuta kwenye kona ya nyuma, upande wa mteremko, limesukumwa likagusana na msingi, udongo umekandamizwa kwa kisigino. Nikainama. Tumboni mwake lilikuwa na mstari mweupe. Nikaugusa, ukabaki kidoleni. Ilikuwa chokaa mbichi, ya kuchorea uwanja. Shuleni ni mbali, na miguu yangu hii ya uzee haifiki huko.

Nikiwa bado nimeinama, simu ikalia ndani. Namkunda hapigi asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimeamka mabega yananiuma kama niliyekuwa navuta kitu usiku kucha. Nikasema ngoja nikusikie." Nikamsikia anavyopumua. "Kile chumba cha uani, mama, umefikiri?"

"Nimefikiri," nikamwambia. "Jumamosi uje wewe. Ukifika usiingie tu kama ulivyozoea. Simama pale nje, upige hodi."

"Hodi? Kwetu?"

"Wewe piga. Mimi nitakuwa ndani."

Mlango niliuzuia kwa kinu. Jiwe nimeliacha pale pale lilipo.