Wati Sitini Zisizokuwepo

Kila Jumamosi saa moja asubuhi Mama Pacha aliwasha feni ya chumba cha nyuma, akapanda baiskeli isiyokwenda popote, na kwenda kuonana na mumewe.

Baba Pacha alikuwa fundi mitambo kwenye mgodi wa mbali, safari ya ndege mbili na siku nzima ya barabara. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, na ilikuwa imebaki miezi tisa. Huko kwake na huku nyumbani, kila mmoja alikuwa na baiskeli iliyofungwa kwenye mashine ya mazoezi, gurudumu la nyuma likiegemea roli ya chuma inayozunguka nalo, na skrini mbele yake. Mashine inakadiria nguvu ya miguu yako kwa wati, programu inaigeuza kuwa mwendo, na mtu wako wa kwenye skrini anasonga. Hivyo ndivyo mke na mume walivyopanda pamoja mlima wa kuchora, simu masikioni, wakihema.

Mwanzoni Mama Pacha alikuwa anaachwa vibaya. Lakini kwa miezi minne sasa walikwenda sambamba, na siku nyingine alimtangulia. Kilichompendeza si kushinda. Karibu na kilele, jua la kwenye skrini lilikuwa upande wao, na vivuli vyao viwili vilishikana juu ya lami. Pacha walikuwa shule ya bweni na nyumba ilikuwa kimya mno. Kazini, akichonga meno ya bandia, alivikumbuka vile vivuli mpaka mwenzake wa meza ya pili akawa anamwambia, "Shoga, umesafiri tena."

Siku moja alikwenda kwa fundi baiskeli kununua tairi. Katika maongezi akatamba kidogo kwamba siku hizi anatoa wati mia mbili thelathini kwa saa nzima.

Fundi akaweka spana chini. "Dada, samahani, una kilo ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Basi tairi nakupa bure. Naona aibu kumuuzia bingwa wa taifa."

Walicheka wote wawili, ila fundi hakuwa anatania tu. Alimwazima pedali zenye kipimo ndani yake. "Zifunge, kanyaga kama kawaida, halafu linganisha."

Jioni hiyo mashine ilisema mia mbili thelathini. Pedali zikasema mia na sabini.

Alishuka, akainama kutazama roli, na pale pale akaelewa. Miezi minne iliyopita alilegeza skrubu inayoikandamiza kwenye tairi, maana tairi lilikuwa linaliwa haraka. Gurudumu likawa jepesi, mashine ikaona mwendo mkubwa, ikadhani ni nguvu. Wala hakuwahi kurekebisha vipimo tangu siku hiyo.

Angeweza kukaza ile skrubu dakika ileile. Hakuikaza. Jumamosi iliyofuata alipanda hivyohivyo, akijua. Vivuli vilishikana kama siku zote, ila safari hii alivitazama kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima, akiogopa mwenyewe asije akaidai. Karibu na kilele mumewe alikuwa anahema kwa shida, pumzi zikimkatika, na yeye hakuwa amechoka hata kidogo.

Jumatatu alikaza skrubu, akajaza tairi upepo, akakanyaga kwa kasi mpaka mwendo ambao programu iliutaka, kisha akaacha gurudumu lisimame lenyewe huku mashine ikipima. Aliporudi kwenye pedali, vipimo viwili vilipishana wati mbili tu.

Jumamosi, kona ya kwanza ya mlima, mumewe akamwacha.

"Mama Pacha, uko wapi? Unaumwa?"

"Siumwi. Mashine yangu ilikuwa inasema uongo. Wati sitini. Miezi minne yote."

Alisikia mnyororo wa mumewe ukizunguka, kisha ukasimama.

"Unajua nilikwenda kupimwa moyo?" akasema Baba Pacha. "Mara mbili. Nilijiona nimezeeka ghafla, mke wangu ananiburuza. Daktari anasema mzima, mimi nasema haiwezekani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha. Ningekuambiaje?"

"Na mimi juzi nilikuwa najua, nikanyamaza. Nisamehe. Niliogopa utaniacha."

Baba Pacha alikuwa amekasirika kidogo, mkewe alimjua, lakini hasira ile ilikuwa imechanganyika na kicheko cha mtu aliyeondolewa ugonjwa. "Nageuka," akasema.

Kwenye ramani, kidoti chake kikashuka mlima, kikapishana naye, kikageuka tena, kikaja ubavuni.

Walipanda kwa mwendo wa Mama Pacha. Iliwachukua saa moja na dakika ishirini. Na kwa kuwa mwendo ule haukumkata pumzi, Baba Pacha alizungumza sentensi nzimanzima, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi. Alieleza dirisha lake linavyotazama ukuta, na namna anavyolala upande mmoja wa kitanda ingawa yuko peke yake. Akauliza kama mlango wa jikoni bado unakwaruza.

"Bado."

"Usimwite mtu. Nitaupiga randa mwenyewe."

Mama Pacha aliitikia tu. Hakuwa na pumzi ya zaidi.

Kileleni mumewe akaaga, zamu ilikuwa inamsubiri. Mtu wake akafutika kwenye skrini, baiskeli na kivuli pamoja. Mama Pacha akakaa pale juu ya tandiko, mikono kwenye usukani, jasho likimtiririka mpaka viwiko, akisikiliza feni. Alimtamani kwa namna ambayo ilimuuma mbavuni, mahali ambapo hakuna mashine inayofika. Kisha akashuka, akachukua taulo, akaenda kujifuta.